Sikio la Kulia

Ludwika aliileta picha Jumatatu, theluji bado mabegani,
imefungwa kwa shuka na kamba ya kuanikia nguo.
"Fremu," akasema. "Mti wowote. Usitie kioo."
Akatoka kabla sijamwuliza rangi.

Mimi ni fundi fremu, mtaa wa nyuma ya viwanda, Łódź.
Kazi yangu pembe nne. Ya ndani si yangu.
Nimewazungushia mbao maaskofu, farasi, maharusi,
mbwa wa daktari wa meno,
na hakuna hata mmoja aliyeninyima usingizi.

Hii niliilaza mezani nipime,
sitini kwa arobaini na tano,
na futi yangu ikasita juu ya mdomo.

Hapakuwa na mdomo.
Palikuwa na mahali pa mdomo:
umechorwa, ukakwanguliwa kwa kisu, ukachorwa,
ukakwanguliwa, hata turubai likakonda
kama goti la suruali ya mtoto.
Nilipoiinua dirishani
mwanga wa theluji ulipenya hapo,
hapo tu,
kama mtu aliyevuta pumzi ili aseme.

Paji la uso ni mapigo mawili ya brashi,
kijani cha dawa ya kikohozi.
Shingo hakuimaliza.
Jicho moja lakutazama, la pili lautazama mlango.
Nywele kazipaka kwa vidole, alama zimo,
na unywele mmoja wa kweli umenasa, mweupe.

Ila sikio. Lo, sikio!
Kila mkunjo, kila kivuli,
tundu la hereni lililoziba,
wekundu pembeni, kana kwamba
limebanwa na kitu kigumu muda mrefu.
Rangi nzito, bado mbichi.
Kioo hugeuza mambo: hilo la kushoto pichani
kwake ni la kulia.
La simu.

Mtaani habari hazina adabu.
Muuza mikate alinisimulia huku akihesabu chenji:
Novemba, baada ya miaka minne ya kimya,
binti yake Jagna alipiga kutoka Wrocław.
Mama alishika simu kwa mikono miwili.
Binti akasema neno moja.
"Usije."
Na Ludwika, anayebishana na makonda wa tramu,
aliyewahi kumkatiza hakimu mahakamani,
hakujibu.

Basi nikakielewa kisu.
Usiku anachora jibu, asubuhi analiona si lenyewe.
"Sawa." Akalikwangua.
"Kwani nimekosa nini?" Akalikwangua.
"Mwanangu."
Hilo, nakisia, ndilo lililokaribia kutoboa.

Kinyozi hajinyoi, husemwa.
Huyu alijinyoa,
na wembe ukagusa mfupa.

Wiki ya tatu alirudi.
Uso wake hakuutazama hata kidogo,
si ule wa turubai, wala ule wa dirishani kwangu.
Alipapasa pembe, mti wa mpeasi, nilioupiga msasa
kuliko nilivyowahi kuupigia askofu yeyote.
"Zimekutana vizuri," akasema.

Nilikuwa na neno.
Nililitunza siku zote zile,
nikilichonga, nikilipima,
nikililinganisha na ukubwa wa huzuni yake.
Nikafungua kinywa
nikataja bei.

Alilipa. Alikataa nimfungie.
Akaondoka nayo kwapani, uso nje,
mpaka kituo cha tramu,
na theluji ikawa inaangukia pale pasipo mdomo,
bila kioo.

Shuka alilisahau.
Nilipolikunjua niliona sikio,
limejipiga muhuri kitambaani, jekundu,
safari hii upande wake sahihi.
Nimelitundika nyuma ya mlango wa karakana.

Jana nilifunga mapema.
Nikalisogelea, nikainama,
kofia mkononi kama mgeni.
Nilianza na hali ya hewa.